Twaikimbia mofini ya hospitali, twagawana vidonge vya jirani

Hapa Timbwani, kama kwengineko Likoni, kuna dawa za maumivu zilizozaliwa tumbo moja. Kuna mofini ya maji, anayopewa mgonjwa wa saratani hospitalini, na hiyo twaikimbia. Kuna tramadoli na kodini, vidonge vya bei ndogo vinavyotoka kemisti hadi mfukoni na kutoka mfukoni hadi kwa jirani, na hivyo twagawana kama chumvi. Mama aliyeapa wodini kwamba mzazi wake hatatiwa "madawa ya kulevya" ndiye huyo huyo anayemkatia mwanawe nusu kidonge cha babu kwa sababu jino lamuuma. Hofu tunayo, na ina sababu. Ila tumeiweka ilinde mlango ambao mwizi hapitii.

Tuanze na hiyo hofu, maana haikuzuka hewani. Heroini imekuwa nasi Pwani tangu miaka ya 80, na kutoka Shelly Beach hadi Mtongwe ni shida kupata ukoo ambao haujazika mtu wake au haujauziwa sufuria na kijana wake mwenyewe. Mtu aliyeyaona hayo, ukimwambia kwamba dawa anayopewa mamake ni ndugu wa unga, atasimama aondoke na mgonjwa wake. Na kusema kweli, ni ndugu. Mofini hutolewa kwenye utomvu wa mmea ambao wazee wetu waliuita afyuni au kasumba. (Leo neno kasumba twalisikia kwenye "kasumba ya kikoloni" tu, na wengi wanaolitaja hawajui kwamba wanataja afyuni.) Wajerumani waliitenga mofini mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza dawa mpya iliyotokana na mofini, ikiinadi kama dawa ya kikohozi. Dawa hiyo waliipa jina Heroin. Ikiingia mwilini, heroini hugeuka kuwa mofini. Kodini nayo ni ya mmea huo huo. Tramadoli, pethidini na methadoni hutengenezwa maabara, lakini hugonga mlango ule ule wa ubongo.

Kwa hivyo asiambiwe mjinga anayeogopa. Lakini ajiulize swali moja. Ikiwa kila kitu cha ukoo huo ni maangamizi, mbona kuna vijana wetu waliorudi kuwa watu kwa methadoni? Muhimbili kule Dar es Salaam ilianza kuitoa mwaka 2011. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014, Pwani yetu ikafuata Malindi mwaka 2015, na Mombasa leo kuna kliniki Kisauni na Miritini. Kijana huenda, hupimiwa, hunywa mbele ya muuguzi, huandikwa kwenye daftari, kisha huenda zake kutafuta kibarua. Methadoni ni dawa kali kuliko tramadoli kwa mbali, na ikichezewa yaua. Yule kijana haitumii kwa usalama kwa kuwa dawa ni laini. Salama yake ni kipimo, ni saa, na ni jicho la mtu anayejua anachokitazama.

Hilo ndilo neno langu leo. Ukitaka kujua hatari ya dawa ya maumivu, jina lake pekee halitakwambia. Tazama imefikaje mkononi mwako.

Sasa tuitazame bei ya kuikimbia mofini. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaoumwa bila dawa, likasema kati ya hospitali za umma kama 250 ni 7 tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Miaka 7 baadaye jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilipiga hesabu ya dawa za jamii hii duniani kote: karibu tani 299 kwa mwaka zikipimwa kwa nguvu ya mofini, na nchi maskini kabisa zikiambulia sehemu ya kumi ya tani moja. Dunia imegawanyika namna hiyo: kwengine watu wanazikwa kwa kuzidisha, kwetu watu wanazikwa wakipiga kelele.

Na kelele hizo twazisikia. Kuna saratani ya shingo ya kizazi iliyofika kwenye mifupa ya nyonga. Kuna saratani ya koo, mgonjwa hawezi kumeza mate yake. Kuna watoto wa selimundu, ugonjwa ambao wengi twauita sikoseli na ambao Pwani hii imeujua vizazi na vizazi. Mtoto akishikwa usiku, mifupa yamvunjika hali haijavunjika. Panadol hapo ni kumpepea mtu aliye ndani ya moto. Shirika la Afya Duniani liliweka ngazi ya dawa za maumivu tangu mwaka 1986: kwanza parasetamoli na mfano wake, ikishindwa kodini au tramadoli, ikishindwa mofini. Mgonjwa wetu hupandishwa ngazi hiyo hadi daraja ya pili, kisha jamaa wanamshusha wenyewe kwa mikono yao.

Sababu ya kumshusha huwa ni maneno mawili. La kwanza: "ukiona mofini, ujue ameisha." Si kweli. Mofini hupewa aliyevunjika paja, aliyepasuliwa, aliyeungua, na mtoto wa sikoseli anayetoka wodini siku ya tatu akarudi madrasa. Na yule ambaye kweli safari yake imefika, mofini iliyopimwa sawasawa haimharakishi. Humwacha alale, azungumze na watoto wake, aombe radhi na kuombwa. La pili: "atazoea, awe teja." Hapa pana mambo mawili tunayoyachanganya. Mwili wa mtu aliyetumia mofini kwa wiki kadhaa huizoea, na ikikatwa ghafla atatoka jasho, atahara, atatetemeka. Hiyo ni arosto, na dawa yake ni kupunguziwa polepole na daktari. Uteja ni jambo jengine: ni kuikimbilia dawa hata inapokuharibia maisha, kudanganya na kuiba kwa ajili yake. Mgonjwa aweza kuzoea mwili bila kuwa teja. Wako wanaonasa, siwezi kusema hawapo, hasa aliyewahi kutumia unga, aliye mnywaji, au mwenye msongo wa akili, na daktari afaa kuambiwa hayo bila aibu kabla ya kuandika dawa. Lakini kumnyima mofini bibi wa miaka 70 mwenye saratani kwa hofu kwamba atakuja kukaa maskani ni jambo ambalo ukilitamka kwa sauti utajisikia vibaya.

Majirani zetu wa Uganda walilimaliza hili zamani. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wakawa wanakoroga mofini ya unga na maji, wanaitia rangi ili nguvu yake ijulikane hata kwa asiyesoma, kijani ikiwa ndiyo nyepesi. Mwaka 2004 sheria yao ikaruhusu wauguzi waliosomea kuiandika, kwa sababu madaktari hawafiki vijijini. Mombasa pia haiko mikono mitupu. Coast Hospice ipo pale kwenye hospitali kuu ya Pwani, Makadara, na kazi yake ndiyo hii. Tatizo la mtu wa Timbwani ni kwamba kati yake na Makadara kuna feri, na maumivu ya saa nane usiku hayapangi foleni.

Niguse na dini, maana huulizwa sana. Wanavyuoni wamelizungumza jambo hili kwa muda mrefu, na walio wengi wanaikubali dawa ya aina hii pale tabibu mwaminifu anapoiandika kwa haja ya kweli na kwa kiasi cha haja. Kinachokatazwa ni kulewa. Mwenye shaka amuulize shekhe wake, lakini amuulize kabla mgonjwa hajafika hali ya kushindwa kusema. Na Ramadhani ikiingia, kuna wagonjwa wanaoikata mofini ili wafunge. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4. Ukiruka mchana kutwa, maumivu yanarudi yote, na jioni mtu hushawishika kunywa mara mbili ili afidie. Hapo ndipo ajali hutokea. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, jambo hili halina mzozo. Na kwa anayeng'ang'ania kufunga, vipo vidonge vya mofini vinavyofanya kazi saa 12, ambavyo daktari aweza kuvipanga kwa futari na daku. Amuulize daktari, asijipangie.

Sasa twende upande wa pili, upande tusiouogopa.

Tramadoli kwa sheria ni dawa ya kuandikiwa. Mofini wodini hufungwa kwenye kabati lenye kufuli na daftari lake. Wauguzi bado huziita DDA, jina la sheria ya kale ya dawa za hatari, ingawa tangu 1994 tuna sheria nyengine ya mihadarati. Tramadoli haina makeke hayo. Mzee mwenye magoti huandikiwa mara moja, na karatasi ile ile huchakaa mfukoni akienda nayo miezi sita. Makuli anayebeba magunia, kijana wa boda anayetaka kuunganisha mchana na usiku, huambiwa na mwenzake kwamba kuna kidonge kinachoondoa uchovu. Wako pia wanaokitumia kwa mambo ya chumbani, ili wachelewe. Hawasemi, lakini wauzaji wajua. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayejiona mtumiaji wa dawa za kulevya. Na siku akikosa, anapoamka na mafua yasiyo mafua, mwili wamuuma na moyo mzito, hudhani ni malaria.

Kuna jambo la tramadoli ambalo watu wengi hawalijui: ikizidi, huleta kifafa. Kiwango cha juu kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 400 kwa siku, na kwa mzee au mwenye figo dhaifu ni chini ya hapo. Aliye na kifafa tayari, au anayemeza dawa za huzuni, aweza kuanguka hata kabla ya kufika huko. Mtaani kwetu akianguka kijana povu mdomoni, la kwanza ni jini, na asomewe. Asomewe, sikatai. Lakini mifuko yake ipekuliwe, na kinachopatikana kiende pamoja naye hospitalini.

Kodini ndiyo iliyojificha zaidi, kwa kuwa haiandikwi kwa herufi kubwa. Imo ndani ya baadhi ya dawa za kikohozi. Imo ndani ya Betapyn, ambayo watu wengi huinunua kwa kichwa au jino wakidhani ni Panadol iliyoongezwa nguvu. Tena ndani yake mna parasetamoli, kwa hivyo anayetafuna Betapyn na Panadol pamoja anaipa ini lake dozi mbili bila kujua. Geuza pakiti, soma maandishi madogo nyuma. Na usiposoma, mwambie mfamasia akusomee, ni kazi yake.

Na kodini ina siri nyengine inayotuhusu watu wa Pwani. Yenyewe ni dhaifu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa mofini. Watu wengine maini yao huigeuza upesi na kwa wingi, na maelezo rasmi ya dawa hiyo Marekani yaliwahi kutaja kwamba hali hiyo yaonekana zaidi kwa watu wa Afrika Kaskazini, Wahabeshi na Waarabu, kati ya 16 na 28 katika kila 100. Sisi tuna Hadhramaut, Oman na Uhabeshi ndani ya damu zetu, wengine kwa kujua na wengine bila kujua. Dozi aliyoinywa shoga yako akalala vizuri, wewe yaweza kukulaza moja kwa moja. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kodini na tramadoli kwa watoto walio chini ya miaka 12, na ikawaonya mama wanaonyonyesha, kwa kuwa dawa hupita kwenye maziwa na mtoto mchanga hupungukiwa na pumzi. Kwa hiyo ile nusu kidonge ya babu kwa mtoto wa miaka 8 isitolewe tena nyumbani kwako.

Kinachoua katika jamii hii ya dawa ni kimoja: ubongo husahau kupumua. Na husahau upesi zaidi ukichanganya na pombe, na dawa za usingizi, na Valium, na ile Rohypnol ambayo vijana waiita bugizi. Mwanzoni mwa 2011, unga ulipoadimika Mombasa na Malindi, wengi waliziba pengo kwa vidonge na pombe, na mazoea hayo hayakuondoka unga uliporudi. Mchanganyiko huo hauhitaji dozi kubwa. Dalili zake mtu azijue kama anavyoijua dalili ya homa: anakoroma kwa sauti ya maji kooni, ukimtikisa haamki, mboni za macho zimekuwa nukta, midomo na kucha zinageuka rangi. Huyo hajalala. Asimwagiwe maji, asilazimishwe maziwa. Alazwe ubavu, atafutwe gari, na akiwa hapumui kabisa apuliziwe pumzi mdomoni njia nzima. Dawa ya kumwamsha ipo, yaitwa naloksoni, na hufanya kazi ndani ya dakika chache. Lakini huisha nguvu mapema kuliko baadhi ya dawa alizomeza, kwa hivyo hata akiamka akatukana kila mtu, asirudishwe nyumbani.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba karatasi ya daktari ni hirizi. Marekani walikuwa na karatasi. Kampuni ya Purdue iliingiza sokoni OxyContin mwaka 1996 ikiwahakikishia madaktari kwamba hatari ya kunasa ni ndogo. Mwaka 2007 ikakiri mahakamani kwamba iliipotosha nchi. Wagonjwa wa mgongo walihama kutoka kidonge hadi heroini, kisha hadi fentanili, na mwaka 2021 pekee Marekani ilizika zaidi ya watu 100,000 waliozidisha dawa, wengi wao za jamii hii. Nigeria nayo, mwezi Mei 2018, ililazimika kupiga marufuku kutengeneza na kuingiza dawa za kikohozi zenye kodini baada ya vijana kuzigeuza kinywaji. Kwa hivyo ukiandikiwa, uliza. Ni ya siku ngapi? Maumivu ya kung'olewa jino au ya mshono hayahitaji mwezi mzima. Nikikosea saa nifanye nini? Je, yagongana na dawa yangu ya presha au ya kulala? Nitaiachaje? Daktari anayekasirika kwa maswali hayo, tafuta mwengine.

Kwa anayeuguza mwenye mofini nyumbani, mambo machache yanamtosha. Ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye alama, kijiko cha chai hakina kipimo. Itolewe kwa saa, isingojewe mgonjwa alie. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na pengine atapike, kisha hupoa. Lakini choo kigumu hakipoi, kitadumu siku zote anapoitumia, kwa hivyo aandikiwe dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza, na papai na maji visaidie. Chupa ifungiwe. Nyumba zetu zina watu wengi, wajukuu, wageni, na wakati mwengine kuna yule mpwa ambaye kila mtu amjua na hakuna anayemtaja. Mgonjwa akifariki, katika shughuli za mazishi mtu mmoja apewe kazi ya kuichukua dawa iliyobaki na kuirudisha ilikotoka.

Na wanaokwenda Ghuba kwa kazi, au Makka kwa Umra: mkoba wa dawa ndio wa kukagua kwanza. Desemba 2017 mahakama ya Misri ilimfunga Mwingereza Laura Plummer miaka 3 kwa kuingia Hurghada na vidonge 290 vya tramadoli, alivyosema ni vya mwenzake mwenye maumivu ya mgongo. Imarati na Saudia zote huzidhibiti tramadoli na kodini na hutaka kibali kabla ya safari. Usibebe kifurushi cha dawa cha mtu, hata awe mama mkwe.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu katiba ya 2010. Bodi ya Dawa na Sumu, inayokagua kemisti, bado ni ya serikali kuu, na kila msako unapopita kemisti hufunga siku mbili kisha hufungua. Msako ukizidi bila akili, wa kwanza kukosa dawa huwa mwenye saratani, kwa kuwa yeye ndiye anayefuata mlango wa mbele. Vikao vya bajeti ya kaunti vikija Likoni, mwakilishi wa wadi aulizwe mambo haya. Mofini ya kunywa ipo upande huu wa feri, usiku na mchana, au haipo? Ni wauguzi wangapi huku waliosomea kuitoa na kumfuata mgonjwa nyumbani? Naloksoni iko kwenye gari la wagonjwa? Na kemisti za kuanzia feri hadi Shelly Beach, ni ngapi zina mfamasia aliyesajiliwa anayekaa pale dukani, na ni ngapi zimetundika cheti chake ukutani na yeye mwenyewe hayupo?